Lipeni kabla ya dhoruba: barua ya wazi kuhusu vijiji vya pwani ya Alaska

Kwa Gavana na Baraza la Kutunga Sheria la Jimbo la Alaska. Kwa Maseneta na Wabunge wa Marekani. Na kwa wakuu wa FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia majanga.

Waheshimiwa,

Sheria mnayoitumia kutangaza janga kubwa, Stafford Act ya mwaka 1988, ina orodha. Humo mna kimbunga, mafuriko, tsunami, tetemeko la ardhi, volkano, maporomoko, dhoruba ya theluji na ukame. Mmomonyoko wa kingo haumo. Kuyeyuka kwa ardhi iliyoganda hakumo. Tunautaja ukame makusudi, kwa sababu tukiomba hayo mawili yaongezwe, jibu linalorudi kila mara ni kwamba fedha za dharura ni za mambo ya ghafla. Ukame hauji usiku mmoja, na umo. Mto unaokula kijiji wastani wa mita 20 kwa mwaka haumo.

Newtok ndiyo iliyolipia pengo hilo. Kijiji hicho cha Wayup'ik, wenyeji wa kusini-magharibi mwa Alaska, wapatao 350 kilipoteza jaa lake la taka mwaka 1996 na gati la tishali mwaka 2005, vyote vikichukuliwa na mto Ninglick. Mwaka 2003 Bunge la Marekani liliidhinisha kijiji kibadilishane ardhi na serikali ili kipate Mertarvik, kilomita zipatazo 15 kutoka hapo, kwenye kisiwa cha Nelson. Mwanzoni mwa 2017 ombi la kutangaziwa janga lilikataliwa. Familia za kwanza zilihamia Oktoba 2019. Za mwisho zilivuka 2024. Kutoka idhini ya ardhi mpaka familia ya mwisho ni miaka 21, na kwa miaka yote hiyo kijiji kimoja kililazimika kuendesha maisha katika sehemu inayobomoka huku kikijenga sehemu nyingine kwa mafungu ya kuokoteza.

Hatuwaletei habari mpya. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, iliwaeleza mwaka 2003 kwamba vijiji 184 kati ya 213 vya wenyeji wa Alaska vinasumbuliwa na mafuriko au mmomonyoko. Mwaka 2009 ikasema vijiji 31 vinakabiliwa na hatari iliyo karibu. Makadirio ya serikali kuu yenyewe yanaweka gharama za kulinda au kuhamisha miundombinu ya vijiji hivi kwenye mabilioni ya dola kwa miaka 50. Tunachoandikia ni namna fedha zinavyotoka: wakati gani, kwa masharti gani, na kwa kazi ipi kwanza. Hapo ndipo vijiji vinapokwama, hata pale nia yenu inapokuwa njema.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana mafungu mengi hupotea hapo. Chini ya vijiji hivi kuna udongo ulioganda mwaka mzima, na juu yake tabaka linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena. Kaskazini kabisa udongo huo una baridi kali na unasamehe makosa. Katika delta ya mito Yukon na Kuskokwim halijoto yake iko karibu mno na sifuri, mara nyingi kati ya nyuzi 0 na 1 chini yake, na ukanda wa pwani una chumvi, ambayo hufanya barafu iyeyuke mapema zaidi. Nguzo ya msingi iliyozamishwa humo inashikwa na barafu inayogandamana na ubavu wake. Udongo ukipanda kutoka nyuzi 3 chini ya sifuri hadi nyuzi 1 chini yake, ile nguvu ya kushika hupungua sana ingawa udongo bado umeganda. Nguzo huanza kushuka polepole chini ya uzito wa nyumba. Fundi akipima kwa macho haoni kitu. Dalili ya kwanza ni mlango unaokwaruza sakafu, kisha ufa juu ya dirisha, kisha bomba la maji machafu linalopoteza mteremko na kuganda.

Ndiyo maana tunapinga utaratibu wa kuidhinisha ramani za nyumba kabla ya kuchimba. Kila eneo jipya lichorongwe mashimo ya mita 9 hadi 12. Kila shimo liwekewe uzi wa vihisi joto, na usomaji uendelee mwaka mzima, kwa sababu joto la kiangazi huchukua miezi kufika chini na kipimo cha Julai peke yake kitawadanganya. Kazi hiyo ni sehemu ndogo sana ya bei ya mtaa mzima. Lakini chini ya masharti ya ruzuku nyingi haihesabiki kuwa ujenzi, kwa hiyo kijiji hakiwezi kuilipia mpaka kipate fedha za ujenzi, na hakipati fedha za ujenzi mpaka kiwe na michoro inayotegemea vipimo hivyo hivyo. Fungueni fungu dogo la uchunguzi wa udongo, lisilomdai mwombaji achangie, linalotoka mwaka mmoja kabla.

Teknolojia ya kuulinda udongo huo ipo na ni ya zamani. Bomba la mafuta linaloikata Alaska kutoka kaskazini hadi kusini, lililoanza kazi mwaka 1977, lina mabomba ya kupoza ardhi takriban 124,000 kwenye nguzo zake. Kila moja ni bomba lililozibwa lenye amonia ndani. Wakati wa baridi mvuke hupoa juu kwenye mapezi, hugeuka majimaji, huteremka, huchukua joto la udongo na kupanda tena ukiwa mvuke. Hakuna pampu wala umeme. Kwenye majengo hutumika mabomba ya namna hiyo yenye kaboni dioksidi. Yana mpaka wake: hufanya kazi pale tu hewa inapokuwa baridi kuliko udongo, na kadiri majira ya baridi yanavyofupika ndivyo yanavyopata muda mfupi wa kupoza. Kwa shule, mtambo wa maji na matangi ya mafuta, tunayapendekeza. Kwa nyumba ya kawaida njia rahisi inatosha ikifuatwa: tuta la changarawe, mbao za povu gumu ndani yake, na nyumba iliyoinuliwa angalau mita 1 ili upepo wa baridi upite uvunguni.

Njia hiyo rahisi huharibiwa na mambo mawili. La kwanza, wakazi huziba uvungu kwa mbao kwa sababu sakafu ina baridi. Sakafu ina baridi kwa sababu kihami, yaani povu la kuzuia joto lisitoke, kililowa na hakikukauka, na uvungu ukizibwa, joto la nyumba huyeyusha udongo chini yake. La pili ni theluji. Upepo huirundika upande mmoja wa nyumba, nayo hufunika udongo usipate baridi. Baada ya majira machache upande huo hushuka. Jibu ni kuzipanga nyumba kufuata upepo mkuu wa majira ya baridi, kuacha nafasi ya kutosha kati yake, na kukipa kijiji trekta la kusukuma theluji pamoja na mafuta yake. Trekta hilo huachwa nje ya bajeti karibu kila mara kwa kuwa si jengo.

Sasa hesabu ya changarawe. Nyumba ya mita 8 kwa 10 inahitaji tuta linalozidi kuta kwa mita 3 kila upande, lenye unene wa mita 1.5 na miteremko ya mita 2 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kimo. Hiyo ni takriban mita za ujazo 490 kwa nyumba moja. Nyumba 60 zinafika mita za ujazo karibu 29,000, na hapo hamjagusa barabara wala uwanja wa ndege. Delta nzima ni tope na mchanga laini. Mertarvik ilibahatika kuwa na mwamba kisiwani. Vijiji vingi havina, na kila tani lazima ije kwa tishali.

Na tishali ndiyo saa halisi ya kazi hii. Bahari na mito hupitika takriban Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Vifaa vinavyotoka Seattle lazima viwe vimeagizwa wakati wa baridi na kupakiwa majira ya kuchipua. Changarawe ya machimbo ya karibu husombwa wakati ardhi imeganda, kwa sababu lori kwenye tundra ya Julai huzama na kuacha jeraha litakalogeuka mtaro. Kwa hiyo ruzuku inayotiwa saini mwezi Mei haijengi kitu mwaka huo. Vifaa hufika kiangazi kinachofuata. Kama usombaji wa changarawe nao ulipitwa, ni kiangazi cha tatu. Wakati huo muda wa ruzuku unakaribia kwisha na bei za chuma na usafirishaji zimepanda, halafu anatumwa mkaguzi kuuliza kwa nini kijiji hakijatumia fedha. Ruzuku za vijiji visivyo na barabara zihesabiwe kwa misimu ya tishali, isiwe chini ya mitano, na ruhusuni ununuzi wa vifaa kabla ya idhini ya mwisho ya michoro.

Kuhusu mchango wa mwombaji. Programu nyingi za FEMA zinataka asilimia 25 kutoka kwa mwombaji. Jamii ndogo na maskini hupunguziwa hadi 10. Kijiji cha watu 400 kisicho na kodi ya majengo, ambacho fedha taslimu zake ni mishahara ya shule na duka pamoja na leseni chache za uvuvi, hakina asilimia 10 ya mradi wa dola milioni 30. Kisha kuna kipimo cha faida dhidi ya gharama. Kipimo hicho huhesabu thamani ya mali inayookolewa, na nyumba ndogo za plywood hazina thamani kubwa sokoni, ilhali gharama ya kuzilinda ni kubwa kwa sababu ya umbali. Kijiji hushindwa na mtaa wa kitajiri wa ufukweni Florida hata kabla maombi hayajasomwa. Hesabu haingizi ghala la nyama ya sili wala mashua ya uvuvi, wala haihesabu kwamba familia ikihamishiwa mji wa Anchorage itanunua dukani chakula ilichokuwa ikikivua. Ondoeni mchango huo kwa makabila ya wenyeji, na ruhusuni chakula cha uwindaji na uvuvi kihesabiwe kwa bei ya kukibadilisha dukani kijijini.

Mnajua kilichotokea Oktoba 2025. Mabaki ya kimbunga Halong yaliingia kwenye pwani ya delta na kuzing'oa nyumba za vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, nyingine zikielea na watu ndani. Mamia ya watu walisafirishwa kwa ndege hadi Bethel na Anchorage. Miezi michache kabla, ruzuku ya dola milioni 20 ya kuimarisha ukingo wa mto kijijini Kipnuk ilikuwa imefutwa. Tuseme kweli: kazi hiyo isingekamilika kufikia Oktoba, na ukuta wa ukingo haukuundwa kuzuia bahari kupanda kiasi kile. Hoja yetu ni nyingine. Mwezi Aprili mwaka huo huo FEMA ilitangaza kuisitisha programu ya BRIC, iliyokuwa ikilipia kinga. Fedha za kuwasafirisha watu kwa helikopta zilipatikana ndani ya saa chache. Fedha za kuifunga nyumba kwenye ardhi hazikuwa na dirisha la kuombewa.

Na kuifunga nyumba si kazi kubwa. Chukueni ile ile nyumba ya mita 8 kwa 10. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya uso wa chini wa sakafu huisukuma juu kwa tani 8. Nyumba nyepesi ya mbao pamoja na vyombo vyake ina uzito wa kama tani 25. Inaelea maji yakifika sentimita 31. Sakafu yenye povu la kuhami ina unene wa karibu sentimita 30. Maana yake nyumba huanza kuondoka maji yakiwa ndiyo kwanza yanalowesha zulia, wakati wenyewe bado wanaokota viatu na kudhani wana muda. Kwa maji ya sentimita 60, nguvu ya ziada ni tani 23. Nanga 8 za chuma za skurubu, kila moja ikihimili tani 6, zikiunganishwa na boriti za sakafu kwa minyororo au waya za chuma, zinaibeba nguvu hiyo mara mbili. Zinakosea wapi? Zikizamishwa kwenye tabaka linaloyeyuka pekee, hung'oka kama karoti. Ni lazima zishuke chini yake, na zikazwe upya kila vuli kwa sababu ardhi inapanda na kushuka. Zikifungwa kwenye vibao vya pembeni badala ya boriti, nyumba huondoka na vibao hubaki. Na maji yakizidi kimo hicho, nyumba iliyofungwa vizuri hujaa maji. Kwa hiyo nanga ziende pamoja na jengo moja la kukimbilia, shule kwa kawaida, lililoinuliwa juu ya kimo cha juu kabisa cha maji kilichowahi kupimwa, likiwa na jenereta yake na mafuta ya siku 7.

Hesabu hiyo hiyo inahusu mafuta. Kijiji hupokea dizeli ya mwaka mzima kwa tishali moja au mbili. Tangi la lita 40,000 likiwa tupu ni chombo cha kuelea: uzito wake ni tani chache, na likizama lote linasukumwa juu kwa zaidi ya tani 40. Dhoruba za vuli zikikuta matangi matupu kwa sababu tishali ya mwisho ilichelewa, mabomba hukatika na mafuta huenda kwenye maji ya kunywa. Mashaka mengine ni msingi. Tarehe 29 Mei 2020, karibu na Norilsk nchini Urusi, nguzo zilizobeba tangi zilishuka na zaidi ya tani 20,000 za dizeli zikamwagika. Matangi ya vijijini ni madogo, lakini mengi yako hatua chache tu kutoka ukingoni kwa sababu zamani bomba fupi lilikuwa jambo la busara. Yahamisheni kwanza, kabla ya nyumba. Umbali usikadiriwe kwa wastani wa mmomonyoko peke yake, maana ukingo haurudi nyuma kwa mpangilio. Hutulia miaka miwili, kisha dhoruba moja hukata sehemu ya miaka mitano. Chukueni wastani mara miaka ya uhai wa tangi, ongezeni kipande kikubwa kabisa kilichowahi kukatwa na dhoruba moja.

Kuta za bahari tunazitaja kwa kifupi, kwa kuwa mnazipenda kuliko zinavyostahili. Kivalina ilijengewa ukuta mwaka 2006 na dhoruba ikauharibu mwaka huo huo. Ulikuja kufuatiwa na ukuta wa mawe. Mawe mazuri, juu ya kitambaa cha kuchuja mchanga, na kitako kilichochimbwa chini ya kina ambacho mawimbi hufukua, hukipa kijiji miaka ya kujipanga. Ni muda mnaoununua. Kivalina ilipata kitu bora zaidi baadaye: barabara ya kukimbilia nchi kavu, na shule mpya iliyofunguliwa mwisho wake, juu zaidi. Huduma kabla ya nyumba: mpangilio huo ndio tunaoutaka kila mahali pa kuhamia. Uwanja wa ndege na gati, kisha matangi na umeme, kisha maji, kisha shule, kisha nyumba kwa makundi. Shule ikichelewa, familia zenye watoto hubaki nyuma. Na kwa kanuni ya Alaska, shule yenye wanafunzi chini ya 10 hupoteza sehemu kubwa ya fedha zake, kwa hiyo kijiji kilichogawanyika kinaweza kupoteza shule moja katikati ya safari. Kijiji kinachohama kisamehewe kanuni hiyo kwa miaka yote ya uhamisho.

Maji na vyoo visisukumwe mwisho. Zaidi ya jamii 30 za vijijini Alaska bado hazina maji ya bomba, na watu hutumia ndoo za choo. Pamekuwa na mazoea ya kutowekeza kwenye kijiji kinachotarajiwa kuhama, na Shishmaref, iliyopiga kura ya kuhama mwaka 2002 na tena 2016, iko palepale. Wapeni mitambo ya ndani ya nyumba: tangi la maji la lita 400, chujio, na choo kinachotenganisha mkojo, vyote vinavyoweza kufunguliwa na kupakiwa siku ya kuhama. Tena, nyumba mpya zinajengwa kwa kuziba hewa ili kubana mafuta, na wanaishi humo watu wanane au tisa. Mashine ya kubadilisha hewa ikizimwa kwa sababu bili ya umeme imezidi, ukuta huota ukungu ndani ya baridi moja. Bei ya kuiendesha iwe sehemu ya mradi. Taarifa zilizochapishwa 2025 zilionyesha nyumba kadhaa za Mertarvik zikiharibika baada ya miaka michache tu. Mkaguzi huru awepo kijijini wakati msingi unawekwa na kihami kinafungwa, kabla ya sakafu kufunikwa. Picha zilizotumwa kwa barua pepe hazionyeshi povu lililolowa.

Lugha pia. Baada ya dhoruba ya Merbok ya Septemba 2022, fomu za msaada zilizoandikwa kana kwamba ni kwa Kiyup'ik na Kiinupiaq hazikusomeka kwa wenye lugha zao. Lipeni watafsiri wa miji ya Bethel na Nome, muwe na orodha yao kabla ya vuli.

La mwisho ni nani anayeongoza. Denali Commission, tume ya serikali kuu ya maendeleo ya Alaska, ilipewa kazi ya kuratibu mwaka 2015, bila mamlaka wala fungu la kutosha. Kijiji chenye mfanyakazi mmoja wa ofisi hujaza maombi ya nyumba katika idara moja, ya uwanja wa ndege katika nyingine, ya maji katika ya tatu, kila moja na tarehe zake na fomu zake. Mwaka 2022 Idara ya Mambo ya Ndani, ambayo Marekani ndiyo inayoshughulikia makabila ya wenyeji, ilitoa dola milioni 25 kwa Newtok na milioni 25 kwa Napakiak, zikiwa fungu moja lililokabidhiwa kabila lenyewe. Mfano huo ni mzuri na haukuendelezwa. Teueni idara moja kwa sheria, iwe na bajeti ya kila mwaka, na kila kijiji kilichoamua kuhama au kurudi nyuma kipewe mhandisi na mhasibu wa kudumu kwa miaka 5. Na ongezeni mmomonyoko na kuyeyuka kwa ardhi iliyoganda kwenye orodha ya Stafford Act. Mpango wa Jimbo la Alaska wa mwaka 2018 wa kupunguza majanga tayari unalitambua janga hili, pale mmomonyoko, mafuriko na kuyeyuka vinapofanya kazi pamoja, kwa jina la Kiyup'ik, usteq. Maelezo ya kisheria hayahitaji kubuniwa.

Tunaomba majibu ya maandishi yapelekwe kwa mabaraza ya vijiji, nakala iwekwe hadharani, kabla ya mwisho wa Januari. Baada ya hapo oda za chuma na povu hazitawahi tishali za Juni.

Wenu,
Wahandisi na mafundi wa majengo ya ardhi iliyoganda